Kitufe cha Ghairi na Parachichi za Mama Mkwe

Vijana, mimi nimestaafu. Hakuna aliyeniaga, hakukuwa na keki, wala sikupewa ile saa ya ukutani wanayopewa wenzangu. Siku moja asubuhi, hapa hapa Njombe, nilifunga kompyuta nikaenda bandani kulisha nguruwe, sikurudi. Nguruwe ni kazi nzuri. Tangu niwanunue hawajatoa toleo jipya, na sijawahi kuamka nikaambiwa nguruwe wa mwaka jana hawatumiki tena.

Kabla ya hapo nilikuwa natengeneza kurasa za mtandao. Upande wa mbele, yaani ule mtu anaouona na kuugusa: maandishi, picha, rangi, vitufe. Upande wa nyuma, kwenye seva huko, walikaa wenye vyeti. Mimi shule niliiacha kidato cha pili. Au yenyewe ndiyo iliyoniacha, mimi na shule tunasimulia tofauti.

Mwanzoni, nyumbani wakiniuliza nafanya kazi gani, nilikuwa nawajibu, "Naandika kodi." Si ndivyo tunavyoyaita yale maandishi ya kuiambia kompyuta cha kufanya? Kodi. Basi mjomba wangu mwenye duka alifunga duka. Kila nikienda kumsalimia nasikia makufuli kabla sijafika. Shangazi alinikaribisha chai bila sukari ili nione maisha yalivyo magumu. Ilichukua misiba kadhaa, maana ndiko tunakokutana, mpaka ukoo mzima uelewe kwamba sikuwa mtu wa mapato. Mjomba alifungua duka ila hakuamini sana. Mpaka leo ananiuzia kwa risiti.

Kazi nilianzia Makambako, kwenye stationari karibu na stendi. Nilikuwa mtoa fotokopi. Kompyuta ilikuwa moja, na upepo wa Makambako mnaujua, ule haupigi hodi. Vumbi liliingia kwenye kibodi mpaka herufi A ikawa inakwama, kwa hiyo kurasa zangu za kwanza zilisomeka kama mtu ana jino linauma. HTML, lugha inayoandikiwa kurasa, nilijifunza kwa kufungua kurasa za watu na kuchungulia zilivyoandikwa kwa ndani. Zamani ulikuwa unachungulia unaelewa. Siku hizi ukichungulia unakuta kodi imebanwa yote kwenye mstari mmoja mrefu kutoka hapa hadi Ludewa, na kona zake zile zile.

Wakati ule ukurasa tulikuwa tunaupanga kwa jedwali. Jedwali ndani ya jedwali, ndani ya jedwali lingine, kama sufuria zinavyopangwa sokoni. Ikitokea hitilafu unatoa sufuria moja moja mpaka uione yenye tundu. Baadaye CSS, lugha ya kupanga na kupamba ukurasa, ikakomaa, tukaanza kuvielesha vitu. Ukisukuma picha kulia, maandishi yanahamia Songea. Ninyi leo mnaandika maneno mawili matatu, kitu kinakaa katikati, mnaenda kunywa soda. Katikati! Mimi ujana wangu wote uliishia kwenye kuweka kitu katikati. Wenzangu walikuwa wanaoa.

Aliyenifundisha kazi sawasawa ni dada mmoja anaitwa Anitha. Kwa umri ni mdogo wangu, kwa shule ni mkubwa wangu mara nyingi. Alisoma, akarudi, akafungua ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi pale Njombe mjini. Aliniajiri kwa sababu mbili: niliijua CSS, na nilijua kuwasha jiko la mkaa. Mwezi wa sita ofisi ile ilikuwa baridi mpaka mausi inagoma. Nadhani sababu ya pili ndiyo iliyompa uhakika.

Anitha alikuwa na simu moja ya ofisi, kuukuu, kioo kimepasuka kama ramani, imefungwa na mpira wa kiatu. Aliiita Bosi. "Kaka Zabroni," alikuwa ananiambia, "kwenye kompyuta yako kila kitu ni kizuri. Kampelekee Bosi." Ukurasa wa kwanza niliompelekea Bosi ulikuwa na picha ya parachichi, kubwa, ya kupendeza, nimeiweka kama ilivyotoka kwenye kamera. Picha ikaanza kushuka kutoka juu, taratibu, kama pazia. Anitha akaenda kubandika chai, akanywa, akaosha kikombe. Aliporudi parachichi lilikuwa limefika kiunoni.

"Mkulima wa Uwemba ana bando la kuliona hili parachichi lote?" akaniuliza.

"Ataliona nusu."

"Basi mletee dogo."

Kutoka hapo nikajifunza kupunguza picha, kuziacha za chini zisipakuliwe mpaka mtu azifikie, na kutobeba JavaScript yote ya dunia kwa ajili ya kufungua menyu. Hayo mnayajua, mnafundishwa. Neno lake lingine ndilo lililochelewa kuniingia. Alikuwa anasema: "Usimuulize mtu kama ameelewa. Muangalie anavyobonyeza." Nilikuwa naitikia. Si mnajua mtu wa kwetu, ukimuuliza umeelewa, anakujibu nimeelewa. Ni adabu. Na mimi Anitha aliponiuliza nimeelewa, nikamjibu nimeelewa.

Sasa niwaambie habari ya gari.

Kikundi cha wakulima wa parachichi kule Uwemba kilitaka ukurasa wa kuitia lori. Walikuwa wamekodi lori lao kwa msimu mzima, dereva anaitwa Obedi, kijana wa Lyamkena pale Makambako, na msimu ukiwa umeanza alikuwa anaegesha Njombe stendi kusubiri kuitwa. Wakichuma, mkulima anaingia kwenye simu, anaandika jina na sehemu alipo, lori linamfuata, mzigo unakwenda kupimwa Makambako kwa mnunuzi. Na walikubaliana kwa kura: bila oda ya mkulima mwenyewe kwenye ukurasa, Obedi hawashi gari. Kupigiana simu walikataa, kwa sababu kwa simu lori lilikuwa linakwenda kwanza kwa shemeji za watu.

Mwenyekiti wao, Mwalimu Kidenya, alifundisha Kiswahili maisha yake yote. Mimi chini ya fomu nilikuwa nimeweka vitufe viwili, "Tuma" na "Acha". Akavitazama kama anasahihisha daftari.

"Kijana, hii ni hati ya umma. 'Tuma' unamtuma mtoto dukani. Andika 'Wasilisha'. Na hiki cha kufuta, andika 'Ghairi'."

"Sawa, Mwalimu."

"Gh. Siyo G."

"Gh, Mwalimu."

Nilifurahi, msione hivi. Kiswahili ndilo somo pekee lililokuwa linanisalimia shuleni. Wasilisha nikaipaka kijani, Ghairi nikaipaka nyekundu, zikapendeza.

Halafu nikaenda kuujaribu ukurasa kwa watu. Niliwajaribia wengi, na kila mmoja nilimuuliza, umeelewa? Nimeelewa. Umeelewa? Sana. Aliyebaki ni mama mkwe wangu, naye mkulima wa kikundi kule kule Uwemba.

Hapa lazima niwaeleze, maana ninyi siku hizi mnapiga picha na wakwe zenu. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawasogeleani. Ukimwona anakuja njiani, unapisha. Hamkai benchi moja, hamli sahani moja, na neno linapitia kwa mtu wa katikati. Hakuna ugomvi hapo, ni heshima, na nyumba nyingi wameshailegeza. Mama mkwe wangu hakulegeza hata uzi. Kwa hiyo kusimama nyuma yake nikitazama anavyobonyeza simu, hilo lilikuwa haliwezekani kabisa. Nikamtuma mke wangu, Eliza.

"Muulize mama kama ameelewa."

Akarudi. "Anasema ameelewa."

Na kwa kuelewa huko, mama mkwe akafanya jambo kubwa. Alimwita dalali aliyekuwa akichukua mzigo wake miaka yote, bwana mmoja anaitwa Chengula, mwenye lori lake na bei yake, akamwambia asante, mwaka huu asije. Mkwe wake ametengeneza gari la kwenye simu.

Ukurasa ukaanza kazi. Watu wakaingia, tena wengi, Anitha alikuwa anawaona kwenye takwimu zake: wanafungua fomu, wanaandika jina, wanaandika sehemu, halafu wanaondoka. Oda, hakuna. Obedi anasubiri pale stendi, amekuwa bingwa wa drafti.

Tukakaa kikao. Mimi nikasema tatizo ni rangi. Tukabadilisha rangi. Nikasema tatizo ni mwandiko. Tukabadilisha mwandiko. Mwisho nikasema tatizo ni fremuwek, yaani ile mifupa ya kodi tunayojengea ukurasa, imepitwa na wakati. Tukaandika ukurasa wote upya kwa fremuwek mpya, kodi safi, vipande vimepangwa kama mayai kwenye trei, na maneno yote yakabaki yale yale. Ukawa unafunguka haraka mno. Watu wakaingia haraka, wakaondoka haraka.

Asubuhi moja Eliza akanipigia. Alikuwa amekwenda kwao kusaidia kuchuma.

"Baba Upendo, njoo. Parachichi za mama zimechumwa zote, ziko barabarani, gari hakuna. Mama anasema ameliita tangu jana."

"Huku hakuna oda yake."

"Anasema ameliita. Na Chengula yuko hapa na lori lake."

Nikachukua bodaboda na kompyuta mgongoni. Nafika, nakuta kreti zimepangwa pembeni ya barabara, zimefunikwa majani na turubai, ukungu unaanza kupanda na jua linakuja. Parachichi ukishalichuma, limeanza safari yake, lori liwepo lisiwepo. Chengula alikuwa amekaa kwenye bampa la lori lake, ameshika kikombe cha chai. Chai yenyewe ya mama mkwe.

"Kamwene, mkwe wa kompyuta!"

"Kamwene, Chengula."

"Nimesikia siku hizi parachichi zinapita kwenye intaneti. Nimekuja kuziona zikipita."

"Zitapita."

"Mimi sina haraka. Wenye haraka ni hawa," akagonga kreti. "Saa sita naondoka. Nikiondoka nazo, bei naisema mimi. Nikiondoka bila hizi, mtakula parachichi mpaka Pasaka."

Nikaingia ndani. Nyumba ya mama mkwe ina sebule na jiko, katikati ukuta ambao haufiki juu. Mimi nikakaa sebuleni. Mama yuko jikoni. Eliza akasimama mlangoni, kati. Kila neno nalisikia, lakini adabu inanitaka nisubiri Eliza alirudie.

"Muulize mama alibonyeza nini."

"Mama, anauliza ulibonyeza nini."

"Mwambie nilibonyeza gari."

"Anasema alibonyeza gari."

"Mwambie hakuna kitufe cha gari."

"Kipo!" sauti ikaja juu ya ukuta. "Kile chekundu. Wamekosea kuandika, wameweka ga-i-ri, lakini mimi nikaelewa. Nikasema si vizuri kumcheka mtu kwa herufi. Najua mkwe shule hakuimaliza."

Nikamsubiri Eliza. Eliza akairudia yote, na ile ya shule akaiongezea sauti.

Nikasema polepole, "Muulize, alipobonyeza hapo, ukurasa ulijibu nini?"

"Uliniambia 'Karibu'," mama akasema. "Nikajibu asante."

Ilikuwa kweli. Ukighairi, fomu inafutika, unarudishwa ukurasa wa mwanzo, na ukurasa wa mwanzo juu kabisa niliandika Karibu. Kwa maandishi makubwa. Nilikuwa nimeyapamba.

"Na kile cha kijani?"

"Wasilisha? Hicho cha viongozi. Diwani ndiye anayewasilisha. Mimi nina nini cha kuwasilisha? Mimi nataka gari."

Nikatoka nje nikampigia Anitha.

"Dada, nimelipata tatizo. Wote wanabonyeza Ghairi."

"Kwa nini?"

"Wanajua ni gari."

Nikasikia kikombe kinawekwa mezani.

"Kaka Zabroni, uliwahi kumwangalia hata mmoja akibonyeza?"

"Niliwauliza."

"Zabroni."

"Naam."

"Badilisha hayo maneno sasa hivi. Mwalimu Kidenya mwachie mimi."

Nikajaribu kwanza njia fupi, nikampigia Obedi pale stendi. Akanijibu, "Kaka, nakuheshimu, lakini kamati imesema bila oda siwashi. Nikienda kwa simu yako, kesho wataniita gari la wakwe." Alikuwa sahihi. Nikafungua kompyuta juu ya meza ya sebuleni. Wasilisha nikaifuta, nikaandika "Leta gari". Ghairi nikaifuta, nikaandika "Usilete". Nikapandisha kwenye seva. Kazi ya dakika chache, baada ya fremuwek mbili.

"Mwambie mama afungue tena ukurasa, abonyeze cha kijani."

"Bado kinasema Wasilisha," ikaja sauti. "Na Gairi ipo."

Hapa sasa nilijikumbuka. Kuna kodi ndogo inaishi ndani ya brauza, kazi yake kutunza nakala ya ukurasa ili mtandao ukikatika bado ufunguke. Niliiweka mwenyewe, na nilijisifu nayo ofisini. Mvua ikipiga mnara wa Uwemba ukalala, ukurasa wangu uko macho. Lakini nakala hiyo ina uaminifu wa mbwa: mwenye nyumba akibadilika, yeye anaendelea kumlinda wa zamani mpaka kurasa zote zifungwe. Mbwa niliyemfuga mwenyewe ndiye aliyekuwa ananibwekea.

"Mwambie aufunge."

"Nimefunga," mama akasema.

"Aufungue."

"Nimefungua. Gairi."

"Afunge tena, kabisa."

"Nimefunga kabisa."

"Afungue."

"Nimefungua. Gairi."

"Eliza," nikasema, "mama anafungaje?"

Eliza akachungulia. Akarudi uso wake hauna kitu. "Anaifunga kwenye pindo la khanga. Amepiga fundo."

Eliza akanyoosha mkono aichukue ile simu ambonyezee, amalize. Nikasikia khanga inavutwa.

"Acha," mama akasema, na hapo hakuwa anatania. "Leo mtanibonyezea. Kesho ninyi mko Njombe, nani atanibonyezea? Chengula?"

Nje, Chengula akawasha lori kulipasha moto. Alikuwa hana sababu, lori lake ni zima. Alitaka tusikie.

"Mwambie mama," nikasema, "aizime simu. Izimike kabisa, kioo kiwe cheusi. Halafu aiwashe."

Eliza akasema. Mama akazima. Vijana, simu za aina ile zikiwaka zina wimbo wake, na wimbo haufupishiki. Tukausikiliza wote watatu, na mngurumo wa lori la Chengula chini yake. Ulipokwisha, kukaja kimya cha mtu anayetafuta herufi.

"Le-ta. Ga-ri." Halafu: "Eliza, mwambie mumeo sasa ameandika vizuri. Amejitahidi."

"Mama anasema umejitahidi."

"Mwambie asante. Mwambie abonyeze."

Sikusikia kitu. Kitufe hakina sauti, na ndiyo shida yake. Halafu simu yangu ikaita. Ni Obedi.

"Kaka, simu yangu imelia. Imeandika Uwemba, na jina la mama. Ni kweli, au mnafanya majaribio?"

"Ni kweli, washa gari."

"Kuna mzee hapa namalizia kumfunga—"

"Obedi!"

"Nimewasha."

Lori la kikundi lilifika jua bado halijawa utosini. Chengula alizima lake, akasogea, na kwa uungwana wake akasaidia kupandisha kreti. Zilizokuwa zimelainika tuliziweka kando, tukazila na viazi. Nyingine zote zilikwenda Makambako, na mnunuzi alizipokea bila neno. Wakati anaondoka Chengula alinivuta pembeni.

"Hivi huo ukurasa," akaniuliza kwa sauti ndogo, "mtu asiye mwanakikundi, lori lake likiharibika, anaweza kubonyeza?"

Wakulima wengine wakaambiwa, wakaanza kubonyeza Leta gari, na Obedi hakucheza tena drafti msimu ule. Mwalimu Kidenya alinuna mpaka Obedi alipompelekea lori lake aone. Mnajua madereva wanavyoandika jina kwenye paji la lori. Obedi alikuwa ameandikisha kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: GHAIRI. Mwalimu akalizunguka, akaangalia ile Gh, akaridhika. Mpaka leo kule Uwemba ukisikia mtu anasema "ghairi limefika", ujue lori limefika. Ni sehemu pekee ninayoijua ambako ukighairi unachukuliwa.

Mnapokuja hapa bandani kuniuliza mtumie fremuwek gani, huwa nawajibu yoyote ile, na mnaondoka mkidhani mzee kachoka. Nimechoka, ndiyo. Lakini jibu langu lilibaki kule, siku ile ile, na sijawahi kuwamalizia.

Lori lilipokwisha kushuka mlima, vumbi likatulia, nikaanza kukunja waya zangu pale sebuleni. Sauti ikaja juu ya ukuta.

"Eliza, mwambie mumeo aje huku."

"Mama anasema—"

"Nimesikia," nikasema. Kwa mara ya kwanza sikusubiri lirudiwe.

Nikaenda mpaka mlango wa jikoni, nikasimama nje yake nikiangalia chini. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto. Pembeni yake, karibu kabisa, alikuwa ameweka kigoda kingine.

"Aibu tuiache leo," akasema, anauambia moto. "Unakaaje nyuma ya ukuta unauliza nimebonyeza nini? Njoo ukae utazame."

Nikaingia. Nikakaa. Kigoda kilikuwa kifupi, magoti yakaja masikioni. Akafungua fundo la khanga, akatoa simu, akafungua ukurasa wangu na kuuweka mbele ya macho yetu wote wawili, anionyeshe alivyoliita gari. Vitufe vyangu viwili vilikuwa pale chini, Leta gari na Usilete, vidogo, nadhifu, vimekaa katikati kabisa.

Halafu akaleta kidole gumba. Kidole cha mtu aliyelima na kuchuma maisha yake yote: kipana, ncha imekuwa ngumu, kina utomvu wa parachichi uliokauka kuwa mweusi. Kikashuka kwenye kioo taratibu, na kilipofika, Leta gari ikapotea chini yake. Usilete nayo ikapotea. Vyote viwili. Asubuhi ile alikuwa amebonyeza mahali asipopaona, na mzigo wake wote uko barabarani, na gari likaja kwa sababu tu kidole kiliegemea upande mzuri.

Nami miaka yote hiyo nilikuwa natengeneza vitufe, na sikuwa nimewahi kukiona kidole.

"Mkwe," akaniambia, yeye mwenyewe, bila mtu katikati, "mbona umenyamaza?"

"Naangalia, mama."